Moshi wa Hoteli ya Habuba Rehema

Enzi zetu, sisi tuliokulia mtaa wa Kator, hapa Juba, tulisoma moshi kabla ya kusoma herufi. Wenzangu wengine baadaye walizipata na herufi. Mimi nilipata chache, ndizo hizi ninazowaandikia, lakini moshi niliupata wote. Kama wewe ni wa umri wangu na ulilelewa upande ule wa kanisa kuu la Mtakatifu Teresa, huna haja ya kuelezwa. Ulikuwa unatoka mlangoni asubuhi, macho bado yana tongo, na kabla hujanawa uso ulikuwa umeshaangalia paa la hoteli ya Habuba Rehema pale kwenye kona kujua siku imeanzaje.

Baba zetu walikuwa askari Uganda. Serikali yao ilipoanguka walivuka mpaka kwa miguu wakafika Juba na vitu viwili, buti na Kiswahili. Buti ziliisha. Kiswahili kikabaki ndani ya nyumba, na nje tukasema Kiarabu cha Juba kama watoto wengine. Habuba Rehema alikuja na msafara huohuo. Alikuwa Mnubi, mwanamke mnene, mfupi, mwenye mkono mwepesi kwa kofi na mwepesi zaidi kwa upawa. Habuba maana yake bibi, na tulimwita hivyo hata kabla hajapata mjukuu, kwa sababu ya mvi zake. Alijenga kuta za mianzi, akaezeka nyasi, akapanga mafiga matatu, akaanza kupika. Hakuandika jina mlangoni. Hakuna aliyewahi kupotea.

Moto wa mafiga yale haukuzimwa. Usiku aliufukia majivu na alfajiri aliufukua, na sisi watoto wa mtaa mzima tulikuwa tumeshapanga mstari mlangoni na makopo yetu. Kibiriti siku hizo kilikuwa kitu cha wakubwa. Kila mtoto alikuwa na kopo la maziwa lililotobolewa misumari na kufungwa waya wa kushikia, na Habuba alikuwekea humo makaa mawili matatu. Ulirudi nyumbani ukilizungusha kopo hewani ili makaa yasife, na ndiyo maana wengi wetu tuna alama za kuungua kwenye goti. Angalieni magoti yenu.

Alikuwa na masharti mawili. La kwanza, lazima umwambie kwenu mnapika nini, na lazima useme kweli. Ukisema "asida na bamia", asida ndiyo ugali wetu, alikupa makaa ukaenda. Ukisema "hatujui bado" alikuangalia kidogo, halafu pamoja na makaa alikupa jani lenye maharage. Hakuuliza tena wala hakusimulia. La pili, moto haushukuriwi. Ukikosea ukasema asante, alikunyang'anya kopo, akamwaga makaa yako chini na kukurudisha mwisho wa mstari. "Moto ukishukuriwa unajua umefika," alisema. "Unalala hapohapo. Nenda na mdomo wako umefungwa." Tuliondoka kimya kama watu waliotoka kuiba.

Siku hizi namwona mtoto wa miaka kumi na mitano anawasha jiko la mkaa kwa kumwaga nusu chupa ya mafuta ya taa, halafu anaruka nyuma akipiga kelele. Ndiyo maana nasema sisi tulilelewa.

Sasa kuhusu kusoma. Moshi mweupe, mwembamba, unaopanda wima, ulikuwa wa chai ya maziwa na mandazi madogo yale ya mviringo. Wa kijivu unaotambaa juu ya nyasi kama unatafuta kitu ulikuwa wa maharage, kwa sababu hapo Habuba alikuwa ametoa kuni na kuacha makaa peke yake. Wa kahawia wenye harufu kali ulikuwa wa samaki mkavu na bamia. Moshi wenye harufu ya nywele zinazoungua ulikuwa wa kwato za ng'ombe, maana yake kesho kuna supu, na baba zetu walianza kutabasamu tangu jioni ile. Na ulikuwepo mmoja mweusi, mzito, wenye harufu ya mafuta, ambao tuliuona mara moja au mbili tu kwa mwaka. Huo ulikuwa moshi wa doka jipya. Doka ni lile bamba pana la chuma ambalo juu yake mwanamke anatandaza uji wa mtama uliochacha na kutoa kisra, mkate mwembamba kama karatasi. Doka likiwa jipya kisra inashika, haitoki. Lazima kwanza ulipake mafuta ya uboho, uliunguze, ulipake tena, uliunguze tena, mpaka chuma kiwe cheusi na kianze kung'aa. Tunasema kulifungua doka. Siku hiyo mtaa mzima unakohoa na hakuna anayelalamika, kwa sababu kisra ya kwanza ya doka jipya inagawiwa kila nyumba.

Mimi na Zamzam, binti wa Habuba, tulikuwa na mchezo. Nyuma ya hoteli kulikuwa na gofu la lori la jeshi, halina matairi wala injini, na sisi tulikaa kwenye kichwa chake tukitazama paa. Anayebashiri chungu cha siku hiyo vibaya anambebea mwenzake maji kutoka pampu. Zamzam alikuwa mkubwa wangu kwa mwaka mmoja, ana mwanya, na alikuwa anatoka nyumba hiyohiyo, kwa hiyo alikuwa anaiba. Alichungulia vyungu kabla ya kuja. Hata hivyo nilimshinda, kwa sababu mama yake alikuwa na tabia ya kubadilisha mawazo katikati ya mapishi, na chungu ukikichungulia asubuhi kinakudanganya, lakini moshi unasema kinachopikwa sasa. Zamzam alibeba maji yangu mpaka akapata kigimbi cha mwanamume. Mpaka mwaka jana alikuwa bado ananidai heshima kwa ajili ya maji hayo.

Jina langu likatoka kidogo. Wanawake walianza kuniita kupitia ua: "Ya Kiden! Leo kwa Rehema kuna nini?" Mimi nilitazama mara moja, nikajibu, na wao wakatuma bakuli au wakaacha. Sikukosea. Shuleni mambo yalikuwa mengine. Mwalimu wetu wa darasa la tatu alinisimamisha mbele, akaniambia kichwa changu kimejaa moshi mtupu. Nilimpelekea baba maneno hayo nikilia. Baba alikuwa anashona kiatu. Akasema, "Afadhali moshi, mwanangu. Penye moshi kuna moto chini yake. Huyo mwalimu wako kichwa chake kimepoa zamani." Alicheka mpaka sindano ikamchoma. Mwaka uliofuata sikurudi shule, si kwa sababu ya maneno ya mwalimu wala ya baba. Vita vilikuwa vimeukaribia mji.

Ya vita sitasema mengi. Waliokuwepo wanajua na wasiokuwepo hawatulii kitini ukiwasimulia. Mji ulizungukwa. Habuba alipika majani ambayo mbuzi alikuwa akiyaruka, na moshi wake siku hizo ulikuwa mwembamba kama mgonjwa, lakini ulitoka kila siku. Kombora liliangukia choo cha jirani, likaondoka na choo, hoteli ikabaki na nyasi zake. Mimi nimekimbia mji huu mara mbili na kurudi mara mbili. Mara zote mbili nilipokuwa narudi, nikiwa bado ng'ambo ya mto, kitu cha kwanza nilichotafuta kwa macho ni moshi wa kona ile. Mume wangu nilimzika huko ukimbizini. Habuba alikufa kitandani kwake, kwa uzee, jambo ambalo katika mji huu ni kama ajabu. Zamzam akashika upawa. Akabadilisha viti tu.

Basi hoteli iliyoshinda kombora iliungua mwaka huu, kiangazi, siku ya Alhamisi, baada ya chakula cha mchana. Nitataja majina. Nimeona watu wakiandika kumbukumbu zao na kusema "watu fulani". Mimi sina watu fulani.

Wa kwanza ni Yakobo Wani, aliyerithi kiwanja cha hoteli kutoka kwa baba yake. Baba yake alikuwa mtu. Yakobo alileta kontena la chuma, akalitua katikati ya kichochoro ili liwe duka, na njia ambayo zamani lori lilipita ikabaki ya bodaboda moja, tena dereva akunje goti. Tulimwendea wanawake sita. Akasema, "Mama zangu, ninyi mnataka maendeleo au mnataka kichochoro?" Hatukujua jibu lake. Sasa tunalijua.

Wa pili ni Simoni, fundi wa umeme. Alivuta waya kutoka jenereta ya jirani, akaupitisha juu ya nyasi za Habuba, na maungio akayafunga kwa kipande cha mfuko wa plastiki. Niliona kwa macho yangu, nilikuwa nimesimama chini ya ngazi. Nikamwambia, "Fundi, hayo mambo mawili, nyasi na umeme, yanajuana?" Akanijibu bila kunitazama, "Mama, mimi hii kazi nimesomea." Hilo neno linanifunga mdomo mpaka leo, mtu akisema amesoma.

Wa tatu ni Taban, muuza petroli ya chupa. Jerikani zake alizificha zisipigwe na jua, nyuma ya ukuta wa jiko. Zamzam alimruhusu kwa sababu Taban alikula pale kila siku na alikuwa mcheshi. Ucheshi wake ulikuwa jerikani nane.

Hao watatu. Nyumba yangu iko ng'ambo ya kichochoro, kama hatua hamsini kutoka jikoni kwa Zamzam. Mimi kazi yangu ni karanga. Nakaanga, nasaga, napeleka soko la Custom asubuhi, na mchana nakaa kwenye kibaraza changu nikimenya za kesho. Siku hiyo nilikuwa na jirani yangu, Mama Jokudu, na binti yake Poni ambaye amerudi kutoka Nairobi alikosomea. Poni ni binti mzuri, ila anapika kwa gesi, na chakula lazima akipige picha kwanza mpaka kipoe. Nilizoea kumtania, nikimwita mtoto wa gesi. Yeye naye alinijibu, "Auntie, wewe na moshi wako mtaoana siku moja."

Mama Jokudu ndiye aliyeinua kichwa. "Kiden, hii moshi ya kwa Zamzam ni ya nini? Saa hii wamemaliza kupika."

Nilitazama. Ulikuwa mweusi, mzito. Upepo ulituletea harufu ya mafuta. Na Jumatatu ile Zamzam alikuwa ameniambia amenunua doka jipya Custom, la zamani limepinda, na kwamba atalifungua wiki hiyohiyo, akipata uboho. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Sikuwa hata na haja ya kufikiri.

"Doka mpya hiyo," nikasema. "Anaifungua. Tayarisheni sahani."

Poni alisimama. "Auntie, hiyo si doka. Cheki vile inatoka, inatoka kwa roof. Hiyo ni moto, auntie!"

Mimi nilicheka. Nasema kama ilivyokuwa. Nilicheka nikamwambia, "Kaa chini, mtoto wa gesi. Moto wewe uliuona wapi? Kwenye simu?" Mama Jokudu naye akacheka. Mwanamke wa nyumba ya tatu aliuliza kutoka uani kwake kuna nini, na Mama Jokudu akamjibu kwa sauti, "Kiden anasema ni doka!" Nikasikia neno langu likienda hivyo ua kwa ua, doka, Kiden anasema doka, na watu waliokuwa wamesimama wakakaa. Poni alibaki amesimama, anatutazama sisi wakubwa zake, mkono mdomoni. Hakuthubutu kukimbia peke yake. Tulimlea vizuri.

Nilimenya karanga kama bakuli moja. Ndiyo muda wenyewe. Nimejaribu baadaye kumenya bakuli lilelile taratibu, na haraka, kujua ni muda gani. Ni mrefu. Unamtosha mtu kufika pampu na kurudi na ndoo.

Halafu paa lilitoa sauti. Sikuwa nimewahi kuisikia, kama watu wengi wanatembea juu ya majani makavu. Ndimi zikatoka juu, nyekundu, na hapo hata mtoto wa kunyonya angeweza kusoma. Tulikimbia wote na chochote, ndoo, masufuria, mimi na bakuli la karanga, nikazimwaga njiani. Lori la tangi la maji lilifika mapema, dereva alikuwa tayari, Mungu ambariki, likasimama mbele ya kontena la Yakobo. Halikupita. Wanaume walisukuma kontena kwa mabega. Kontena halisukumwi. Tulipanga mstari wa ndoo kupita kwenye ule upenyo, mtu mmoja mmoja, na tulikuwa tumeanza kuupata ukuta wa mbele jerikani za Taban zilipojibu huko nyuma. Baada ya hapo hakuna aliyekuwa anazima kitu. Tulikuwa tunatazama.

Zamzam alikuwa amejilaza chumba cha nyuma baada ya kazi ya mchana. Uboho alikuwa hajaupata bado. Doka jipya lilikuwa limeegemea ukuta, baridi, halijaguswa. Alitoka mwenyewe, kwa miguu yake, lakini nguzo ya mlango ilikuwa inaungua na aliisukuma kwa mkono wa kulia. Ule mkono ndio wa kutandazia kisra. Kisra inataka kiganja kinachohisi, na daktari alisema vidole vitatu havitakunjuka tena.

Siku ya tatu mzee wa mtaa alituita mbele ya majivu tuseme. Viti vya plastiki vililetwa. Zamzam alikaa mbele, mkono umefungwa kitambaa cheupe mpaka kiwiko. Yakobo alisema ni mapenzi ya Mungu. Simoni hakuja, na mpaka leo hajaonekana Kator. Taban alilia, na ninavyomjua alilia kweli. Mimi nilisimama nikawataja wote watatu, mmoja mmoja, na kazi ya mikono yao, kontena, waya, jerikani. Nilisema vizuri. Watu walisonya na kuitikia. Mzee akauliza, "Kuna mwingine, Kiden?"

Mama Jokudu alikuwa anatazama miguu yake. Poni alifungua mdomo, na niliona mama yake akimfinya paja.

"Hakuna," nikasema. Nikakaa.

Hakuna kilichofanyika kwa wale watatu, kama mnataka kujua. Taban anauza petroli kona nyingine, nyuma ya ukuta wa mtu mwingine. Yakobo alizungushia kiwanja mabati siku arobaini hazijaisha. Anajenga ghorofa. Maendeleo yamefika na kichochoro hakipo, kwa hiyo swali lake limejijibu.

Zamzam alihamia kwa kaka yake, mitaa miwili kutoka kwangu. Nilimpelekea karanga zilizosagwa kila wiki. Nilikaa naye. Tulizungumza habari za watoto, habari za mvua. Mara tatu nilikwenda na maneno yangu mdomoni na mara tatu nikarudi nayo. Mtu aliyenusurika vita viwili anaogopa sentensi moja, hebu ona.

Halafu asubuhi moja, jua bado halijapanda juu ya miembe ya kanisa, nilikuwa nimewasha moto wa karanga zangu. Siku hizi wa kwangu ndio moshi wa kwanza mtaani. Wengine ni gesi. Nikasikia hodi. Zamzam alikuwa amesimama mlangoni na kopo. Kopo la maziwa, limetobolewa misumari, waya wa kushikia. Sijui alilitoa wapi. Alilishika kwa mkono wa kushoto.

Nilichukua koleo. Mdomo wangu ukauliza wenyewe, kama alivyouliza mama yake. "Kwenu mnapika nini?"

"Hatupiki," akasema. "Nafungua doka."

"Doka gani?"

"Ilelile. Chuma haikuungua, imepakwa moshi tu. Nimepata uboho." Alitazama makaa yakiingia kwenye kopo, moja, mawili, matatu. "Mkono wa kushoto unajifunza. Unatoa kisra kama sikio la punda, lakini unatoa."

Niliweka la nne. Sikuweza kumtazama. Nikasema, "Zamzam, ile siku ya Alhamisi..."

"Kiden." Alisema polepole. "Leo saa nne utaona moshi mweusi kwa kaka yangu. Mama Jokudu atakuuliza ni wa nini."

Niliweka koleo chini.

"Usimjibu ukiwa umekaa," akasema. "Njoo uangalie."

Akageuka akaenda, akilizungusha kopo kidogo, kwa uangalifu, kama mtu mzima anayejua goti lake. Hakusema asante. Kwa masharti ya mama yake moto haushukuriwi, kwa hiyo mimi siwezi kujua ule ukimya ulikuwa wa nini. Nimeufikiria sana. Unaweza kuwa msamaha, na unaweza kuwa desturi tu.

Saa nne moshi ulitoka. Mweusi, mzito, unatoka chini uani wala si juu ya paa, na harufu yake ni uboho mtupu, hakuna plastiki wala nyasi. Siku ile ya Alhamisi kulikuwa na plastiki ndani ya harufu. Nilikuwa nimeisikia. Pua yangu iliniambia na mimi nikaiambia inyamaze, kwa sababu nilikuwa nimeshajibu. Hili ndilo jina la nne, nililomwambia mzee kwamba halipo. Mmelisoma hapa: Kiden, muuza karanga, aliyekuwa anajua moshi.

"Kiden," Mama Jokudu akaita kupitia ua, kwa sauti ya wasiwasi kidogo, "ile kule ni ya nini?"

Nilijua ni doka. Ningeapa kwa kaburi la baba. Niliinuka, nikachukua ndoo ya maji, nikakimbia. Mwanamke wa miaka yangu akikimbia na ndoo katikati ya Kator watu wanamfuata, na tulipofika kwa kaka yake Zamzam tulikuwa watu kumi na wawili, Poni mbele yetu wote na jerikani mbili, anakimbia vizuri yule mtoto wa gesi.

Zamzam alikuwa amechuchumaa mbele ya doka, uso mweusi masizi, anapaka mafuta kwa mkono wa kushoto. Alitutazama, akatazama ndoo. Mwanya wake ukaonekana.

"Wekeni pale," akasema. "Mmeniletea ya chai. Na wewe Kiden, bado una deni la maji ya miaka yote ile, hiyo ndoo moja haitoshi."

Kisra ya kwanza ilitoka nene upande mmoja na ina tundu katikati. Aliigawa vipande kumi na viwili. Poni alikula chake bila kukipiga picha.

Enzi zetu mtaa mzima ulipika kwa moto mmoja, na mtu akiinua kichwa alijua jirani yake ana nini chunguni na kama hana kitu. Leo kila nyumba ina mtungi wake na mlango wa chuma, na juu ya mapaa ya Kator hakuna kitu cha kusoma. Wanasema ni usafi. Sibishi, hata macho yangu yamepumzika. Ila kila asubuhi sasa kuna mioshi miwili, wangu na wa Zamzam, na mara moja au mbili kwa wiki wa kwake unageuka rangi ambayo naijua kabisa kabisa. Naweka karanga chini, nachukua ndoo, nakwenda kuangalia.